Usisubiri Paume

Haya ni maneno niliyowaambia wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa chuo kimoja cha ufundi hapa Mwanza. Siku ile sikusoma karatasi. Walimu waliniomba baadaye niyaandike ili yawafikie waliokuwa kwenye mafunzo ya vitendo, nami nimeyaacha karibu sana na yalivyonitoka mdomoni.

Mkuu wa chuo, walimu, matroni, na nyinyi wanangu. Mwangaluka! Shikamoo zenu nimezipokea, marahaba.

Mimi ni muuguzi mkunga. Kwa miaka ishirini na miwili nimefanya kazi katika zahanati na vituo vya afya kuzunguka ziwa hili, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nimekaa kwenye chumba cha magonjwa ya ngono, kile ambacho mtu hukiingia huku akigeuka nyuma kutazama kama kuna aliyemwona. Mnakijua. Kila kituo kinacho, na kila mtaa umekipa jina la utani.

Wiki iliyopita nilimwomba matroni aweke boksi katika kila bweni, muandike maswali bila majina. Jana usiku nimeyasoma yote. Neno moja limejirudia karatasi baada ya karatasi: UTI. "Nina UTI sugu, nitumie dawa gani?" "Nimechoma sindano za UTI mara tatu lakini inarudi." Na mmoja, aliyeandika kwa wino wa kijani: "Mimi nikinywa dawa napona, nikikutana na mwenzangu inarudi. Kwa nini?" Huyu wa wino wa kijani ameshika mkia wa jibu bila kujua. Nitarudi kwake.

UTI ni maambukizi ya njia ya mkojo. Ni ugonjwa wa kweli, wanawake wengi huupata, na mara nyingi huletwa na bakteria waliotoka kwenye utumbo wetu wenyewe. Lakini mjini kwetu neno hili limekuwa shuka la kufunikia kila kinachochoma, kinachowasha na kinachotoa majimaji. Ni neno lenye heshima. Mtu anaweza kumwambia mama yake "mama, nina UTI", akapikiwa uji. Hawezi kumwambia "mama, nina kisonono". Basi kisonono kinajificha ndani ya UTI, klamidia inajificha humo humo, trikomona nayo vilevile, na yote matatu ni magonjwa ya ngono. Tatizo ni kwamba dawa haijali umeuitaje ugonjwa. Ukipewa dawa ya njia ya mkojo na ulichonacho ni klamidia, utapata nafuu siku mbili tatu, kisha mambo yatarudi palepale, nawe utasema "hii yangu ni sugu". Huenda si sugu. Huenda haijawahi kutibiwa hata siku moja.

Na nyinyi wavulana nisikilizeni vizuri. Kwa kijana wa umri wenu, mkojo ukichoma na usaha ukatoka, UTI ya kawaida ni kitu adimu. La kwanza kulifikiria ni ugonjwa wa ngono.

Nitayataja kwa majina, maana kisichotajwa hakitibiwi. Yapo manne yanayopona kabisa kwa dawa: kisonono, klamidia, kaswende na trikomona. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 peke yake watu wa miaka 15 hadi 49 walipata maambukizi mapya milioni 374 ya magonjwa haya manne. Gawanyeni wenyewe, nyinyi ni mafundi na hesabu mnaziweza: ni zaidi ya milioni moja kila siku. Kwa hiyo aliyeingia kwenye chumba changu akidhani ni yeye peke yake duniani, hayuko peke yake hata kidogo. Kisha kuna yale ya virusi: VVU, malengelenge ya sehemu za siri, homa ya ini aina ya B, na kile kirusi cha HPV kinacholeta sunzua na saratani ya mlango wa kizazi. Hayo nitayagusa baadaye. Leo nataka nikae zaidi kwenye yanayopona, kwa sababu hayo ndiyo yanayoniuma. Kijana kuharibikiwa na ugonjwa ambao dawa yake iko kabatini, hilo mimi siwezi kulizoea.

Sasa, kwa nini yanaharibu watu ilhali yanapona? Kwa sababu hayapigi kelele.

Klamidia kwa mwanamke mara nyingi haioneshi dalili yoyote. Haiwashi, haichomi, hainuki. Kisonono kwa mwanamume kwa kawaida hujitangaza ndani ya siku chache, kwa maumivu na usaha, lakini kwa mwanamke mara nyingi hukaa kimya vilevile. Angalieni basi hali ilivyo: kijana wa kiume anaumwa, anakwenda kutibiwa kimyakimya, anapona. Msichana aliyekuwa naye hajui kitu. Anaamka, anakwenda darasani, anacheka na wenzake, na huku ndani vijidudu vinapanda polepole kutoka mlango wa kizazi, vinaingia kwenye kizazi, vinafika kwenye mirija.

Mirija ya uzazi ni vitu vyembamba mno. Njia iliyomo ndani yake, pale ilipo nyembamba zaidi, ni ndogo kuliko tundu la mrija wa wino wa kalamu yako. Maambukizi yakifika pale mwili hupigana nayo, na vita ikiisha hubaki kovu. Sasa fundi bomba niambie: bomba jembamba likijaa kutu ndani, maji yatapita? Yai halipiti. Au linapita nusu, linarutubishwa, linakwama njiani, na mimba inatunga nje ya kizazi. Mimba hiyo ikikua mrija hupasuka, na mwanamke anaweza kuvuja damu ndani kwa ndani hadi kufa huku nje hujaona hata tone.

Nimekutana na mama mmoja aliyekuwa kwenye ndoa mwaka wa sita bila mtoto. Alikuwa ametembea kwa waganga, ametembea kwa maombi, wifi zake wameshampa jina. Alipopigwa picha ya kizazi, mirija yote miwili ilikuwa imeziba. Akaniambia, "Sista, mimi sijawahi kuumwa ugonjwa wa aibu hata siku moja." Nilimwamini, na bado namwamini. Hakuwahi kuumwa. Alikuwa nao tu. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na katika kazi yangu methali hiyo huja kama ilivyo, neno kwa neno, ila kwa mama huyu kulikuwa na ukatili zaidi: yeye hakuficha chochote. Hakuna aliyemwambia kwamba kulikuwa na kitu. Mtu mmoja alijua, akanywa dawa zake, akanyamaza.

Wanaume nao wasijione wako salama. Kisonono au klamidia isiyotibiwa huweza kupanda hadi kwenye mirija inayobeba mbegu, korodani ikavimba na kuuma, na kwa baadhi uwezo wa kuzaa ukapotea. Lakini katika jamii yetu nani huitwa tasa kabla ya yeyote kupimwa? Mnalijua jibu.

Wasichana, jambo hili linahusu umri wenu hasa. Mlango wa kizazi cha msichana bado haujakomaa kama wa mwanamke mtu mzima. Utando laini unaokuwa ndani hujitokeza zaidi upande wa nje, na vijidudu hupenda utando huo. Ndiyo maana tendo lilelile, na mtu yuleyule, linaweza kumwachia msichana wa miaka 17 madhara makubwa kuliko dada yake wa 35. Na tafadhali acheni kujiosha ndani kwa sabuni, ndimu au shabu. Uke una ulinzi wake. Mkiusugua mnafukuza askari mnaacha mlango wazi.

Kaswende ina ujanja wake. Huanza na kidonda kimoja, kwa kawaida wiki tatu hivi baada ya kuambukizwa, na kidonda hicho hakiumi. Kinaweza kuwa mahali usipoweza kupaona. Baada ya wiki chache kinapona chenyewe. Hapo ndipo watu wengi hudanganyika: wanamshukuru aliyewapa mizizi, au maji ya chumvi waliyooshea. Hawajapona. Ugonjwa umeingia kwenye damu. Baadaye huweza kuja vipele, hata viganjani na nyayoni, navyo vinaondoka. Kisha kimya cha miaka. Na kwa wengine, baada ya kimya hicho, moyo, mishipa mikubwa ya damu na ubongo huanza kuharibika. Wazee wenu wanaikumbuka buba, ile ya vidonda kwa watoto iliyosakwa kwa sindano za penisilini kijiji hadi kijiji. Kijidudu cha buba na cha kaswende ni ndugu wa tumbo moja, na penisilini bado inaviweza vyote viwili. Mama mjamzito mwenye kaswende ya mapema hutibiwa kwa sindano ya penisilini, na sindano hiyo humkinga na mtoto aliye tumboni.

Nisipoiongelea mimba nitakuwa sijasema kitu. Hapa hapa Mwanza, watafiti waliwafuatilia kina mama waliofika kujifungua bila kuwa wamepimwa kaswende wakati wa ujauzito. Matokeo yalitoka mwaka 2002. Kwa mama aliyekuwa na kaswende iliyo kali kwenye damu, mtoto mmoja katika kila wanne alizaliwa amekufa. Kwa mama asiye nayo, alikuwa mmoja katika mia. Na wakakuta kwamba karibu nusu ya watoto wote waliozaliwa wafu katika kundi hilo walikufa kwa sababu ya kaswende. Nusu! Nimeshika watoto wa namna hiyo kwa mikono yangu, uzito wa kawaida, nywele zimejaa kichwani, kila kidole kipo. Kisha watafiti haohao wakaonesha kitu kingine: wale kina mama waliopimwa mapema na kuchomwa sindano moja ya penisilini walijifungua salama sawasawa na ambao hawakuwahi kuwa na kaswende. Sindano moja. Ndiyo maana siku ya kwanza ya kliniki mama huchukuliwa tone la damu kidoleni na kupimwa VVU na kaswende, na ndiyo maana tunasema njoo na baba. Hatumwiti baba kuja kumwaibisha.

Mkoa huu una historia katika mambo haya, na ningependa muijue kama mnavyojua majina ya wachezaji. Mwaka 1991 ulianza utafiti vijijini. Maeneo kumi na mawili yaligawanywa. Sita yaliboreshewa huduma ya magonjwa ya ngono katika zahanati zilezile zilizokuwepo: wahudumu wakafundishwa, dawa zikahakikishwa hazikosekani, watu wakaelezwa kwamba huduma ipo. Sita mengine yakasubiri. Baada ya miaka miwili walipima maambukizi mapya ya VVU. Kwenye vijiji vya kusubiri walioambukizwa walikuwa asilimia 1.9. Kwenye vijiji vya huduma, asilimia 1.2. Yaani maambukizi ya VVU yalipungua kwa takriban asilimia 40 kwa sababu watu walitibiwa kisonono na kaswende na vidonda vyao. Matokeo yalitangazwa mwaka 1995 na dunia nzima ikajua Mwanza ni wapi.

Sababu yake ni nyepesi kuielewa. Kidonda ni mlango. Na hata pasipo kidonda, penye uvimbe mwili hupeleka askari wake wa kinga, na askari hao ndio VVU inaowatafuta kuwaingia. Ugonjwa mdogo unaualika mkubwa. Kwa uaminifu niseme kwamba utafiti mwingine, uliofanyika Rakai nchini Uganda, uliwapa watu dawa kwa mpigo nyumba kwa nyumba na haukuona punguzo hilo la VVU, na wataalamu wamebishana sana kuhusu sababu. Mimi nilichojifunza ni kitu cha mhudumu wa kawaida: zahanati yenye dawa, yenye mtu asiyekugombeza, iliyo wazi kila siku, ina thamani kubwa.

Asiyekugombeza. Hapo lazima niwaambie jambo.

Mwaka wangu wa pili kazini alinijia binti wa miaka kumi na tisa. Tumbo la chini linauma, uchafu unatoka. Mlango ulikuwa nusu wazi na benchi la nje limejaa. Nikamuuliza kwa sauti, "Wewe mambo haya umeanza lini? Mama yako anajua?" Akasema amesahau kadi nyumbani, anaifuata. Hakurudi. Miezi baadaye aliletwa kwa baiskeli usiku, amepauka, mimba ya nje ya kizazi imepasuka. Tulimkimbiza hospitali kwa gari, alifanyiwa upasuaji, akapona, mrija mmoja ukaondolewa. Siwezi kuapa kwamba sentensi yangu ndiyo iliyofanya hayo. Ila najua alikuja akiwa na ugonjwa unaotibika, na mimi ndiye niliyemtoa mlangoni. Tangu siku ile nafunga mlango kwanza ndipo nauliza. Nyinyi mkikutana na mhudumu wa namna nilivyokuwa mimi, msikimbie. Ombeni mwingine. Nendeni kituo kingine siku hiyohiyo. Uchungu wa kugombezwa unaisha jioni.

Nina sababu ya kulisisitiza hili kuliko kuwasomea orodha ya dalili. Kuanzia mwaka 1999 maeneo ishirini ya vijijini ya mkoa huu yaliingia kwenye mradi uitwao MEMA kwa Vijana. Katika nusu yake, wanafunzi wa darasa la tano hadi la saba walifundishwa masomo ya afya ya uzazi kwa ustadi kabisa, maigizo, majadiliano, wahudumu wakapewa mafunzo ya kuwapokea vijana. Wakafuatiliwa kwa miaka mingi. Maarifa yao yalipanda, na tofauti ilikuwa bado inaonekana vijana hao walipopimwa tena mwaka 2007 na 2008. Lakini damu zao zilipopimwa, VVU na malengelenge havikuwa vimepungua kwa namna ya kuridhisha. Walijua. Walijibu mtihani vizuri. Na bado waliambukizwa kama wenzao.

Nilipoyasoma matokeo yale nilikaa kimya kwa muda. Kwa miaka yote nilidhani kazi yangu ni kuwafanya watu wajue. Kumbe kati ya kujua na mlango wa kliniki kuna safari nyingine ndefu, ina aibu ndani yake, ina nauli, ina mpenzi anayesema "huniamini?", ina mtu mzima mwenye pesa ambaye binti hawezi kumwambia avae kondomu. Siwezi kuimaliza safari hiyo kwa hotuba. Naweza kuwapunguzia vikwazo vitatu vinne nilivyovikuta mara nyingi, basi.

Cha kwanza ni duka la dawa. Sisemi wauzaji ni wabaya, wengi wanasaidia watu. Nasema mtiririko wenyewe haufai: unafika, unanong'ona, unapewa vidonge vitatu kwenye karatasi, hujapimwa, hujaulizwa una mzio gani, hujaulizwa una mwenza. Kisonono kimezoea dawa nyingi mno. Penisilini ilikuwa ikikimaliza, kikaizoea. Tetrasaiklini, kikaizoea. Sipro, ambayo bado wengine wanaimeza kama pipi, kikaizoea. Leo tunategemea sindano ya seftriaksoni, na dawa mpya nyuma yake ni chache mno. Kila anayekunywa nusu dozi kwa kubahatisha anamfundisha mdudu mbinu. Na kuna wale wanaoambiwa "umetegwa", wanakwenda kutegua. Mtu anakaa kwa mganga wiki sita, usaha ukipungua anaona ametegulika. Mwanangu, tego halionekani kwenye darubini. Kisonono kinaonekana.

Cha pili, silaha zisizo silaha. P2 inazuia mimba, haizuii ugonjwa hata mmoja. Naona wasichana wanaogopa mimba kuliko kitu chochote, wakishameza P2 wanalala usingizi. Tohara kwa wavulana ni jambo jema, tafiti za Afrika Kusini, Kisumu na Rakai zilionesha inapunguza hatari ya mwanamume kupata VVU kwa karibu asilimia 60. Kupunguza si kuondoa, na kwa kisonono na klamidia haijaonekana kusaidia. Kondomu inasaidia, sana, kwa VVU, kisonono na klamidia. Kwa kaswende, malengelenge na HPV inasaidia pungufu kidogo kwa kuwa kidonda kinaweza kuwa nje ya eneo lililofunikwa. Tazama tarehe ya mwisho. Usipake mafuta ya mgando, yanaozesha mpira. Usiikalie kwenye pochi miezi mitatu. Usivae mbili. Na kutofanya kabisa ni uamuzi kamili wa mtu mwenye akili timamu. Aliyeuchukua humu ndani asichekwe na yeyote. Magonjwa haya hupita pia kwa mdomo na kwa njia ya nyuma. Nalisema kwa sababu wameniuliza wawili, na wote wawili walidhani huko hakuna hatari.

Cha tatu ni umri. Kuna aliyeandika kwamba hawezi kupima VVU mpaka aje na mzazi. Sheria yetu ya mwaka 2008 ilisema hivyo, kwamba chini ya miaka 18 ni lazima ridhaa ya mzazi au mlezi. Ikarekebishwa mwaka 2019. Sasa kuanzia miaka 15 unapima kwa ridhaa yako mwenyewe, na kujipima mwenyewe kumeruhusiwa. Ukikutwa na VVU, ARV hazilipiwi, na mtu anayezimeza vizuri hadi virusi visionekane kwenye damu hamwambukizi mwenza wake kwa ngono. Ishi na hilo kichwani. Na ikitokea umelazimishwa, mvulana au msichana, si kosa lako: usioge, usifue, nenda kituo cha afya ndani ya saa 72, maana ziko dawa za kuzuia VVU zinazofanya kazi ndani ya saa hizo, na kadiri unavyowahi ndivyo bora.

HPV kwa kifupi. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa saratani za wanawake nchini kwetu, na inaletwa na kirusi hiki. Aliyegundua uhusiano huo, Mjerumani Harald zur Hausen, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Chanjo ipo, Tanzania iliianza kitaifa mwaka 2018, na sasa ni dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Nyinyi wengi mmeupita umri huo, lakini mna wadogo zenu. Maneno kwamba inafunga kizazi ni uongo, na uongo huo unaua mama za watu. Nyumbani mkisikia mdogo wako amefichwa siku ya chanjo, ongea.

Sasa narudi kwa wino wa kijani. Unapona, unakutana naye, inarudi. Inarudi kwa sababu yeye hajatibiwa. Mnapasiana. Dawa yako iliyofanya kazi vizuri kabisa unaipoteza jioni moja. Tukikutibu tunakupa kikaratasi cha kumpelekea mwenzako, hakina jina la ugonjwa, aje nacho popote apokelewe. Mnakunywa dozi kwa pamoja, na mnakaa bila kukutana kwa siku saba baada ya dawa, na mpaka dalili ziishe kwa wote.

Wengi wananiuliza, nitamwambiaje? Nimesikia maneno mengi chumbani mwangu, na yaliyofanya kazi yalikuwa mafupi. Dada mmoja alimwambia mpenzi wake kwa simu, mbele yangu: "Nimepimwa, nimekutwa na maambukizi, yanatibika. Sikuulizi umetoa wapi wala usiniulize. Njoo utibiwe, mengine tutaongea tukishapona." Kijana akaja baada ya saa moja, jasho linamtoka, bado na sare ya kazini. Kuongea hakukuwa rahisi, lakini walitibiwa wote wawili. Chukueni maneno hayo, hayana mwenyewe. Msianze kwa "wewe umeniambukiza". Pengine si yeye. Klamidia inaweza kukaa mwilini miezi mingi kimya, tangu uhusiano uliopita, na mmeonana safi wote wawili mkidhani mmeanza ukurasa mpya. Kama unahofia atakupiga, usimwambie peke yako, njoo tupange pamoja namna ya kumfikia.

Gari letu lipo nyuma ya karakana ya useremala. Tumeleta vipimo vya VVU na kaswende, tone moja la damu, majibu ndani ya nusu saa. Mwenye dalili, au mwenye mwenza aliyewahi kuwa na dalili, tutamhudumia leo au tutampa barua ya kituo. Tupo wawili, mimi na kaka muuguzi kwa wavulana wanaoona haya kuniambia mama mtu mzima. Mlango una komeo kwa ndani. Uongozi wa chuo umekubali kwamba hakuna jina litakalofika ofisini. Foleni ya kupima presha na foleni hii ni moja, kwa hiyo hakuna atakayejua umefuata nini. Tutakaa mpaka saa kumi na moja jioni.

Na wewe wa wino wa kijani, ukija, njoo naye.